Siku Shemeji Alipokaanga Kimea

Shemeji yangu Agapiti ana ugonjwa wa simu. Anaendesha bodaboda kati ya Nachingwea na Ruangwa, na akikosa abiria hukaa juu ya pikipiki akiangalia watu wa mbali wanavyopika. Wiki ile alikuwa amemwangalia Mzungu mwenye ndevu anayetengeneza bia jikoni kwake. Jumatano asubuhi akafika nyumbani Malolo na paketi ya oti, ile nafaka iliyobapa ambayo huku kwetu hununuliwa na wagonjwa wa sukari tu. Akamkabidhi mkewe, dada yangu Aurelia, kwa madaha ya mtu aliyeleta kitenge.

"Nani anaumwa?" dada akauliza.

"Hakuna anayeumwa. Hii inakaangwa mpaka inukie, halafu inatiwa kwenye pombe. Inakuwa laini, povu hilo! Watu watalima mpaka shamba la jirani."

"La jirani la nini? Walime langu kwanza."

Dada hakuwa anatania. Ufuta wake ulikuwa umezidiwa na majani, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa kiasi kwamba akiinama, kuinuka lazima aite mtu. Kwa hiyo alialika majirani waje kupalilia Jumamosi. Kwetu ukialika watu shambani unawapikia pombe. Ikiiva vizuri, wanakuja na majembe na nyimbo. Ikiharibika, wanakusalimia barabarani na kupita zao. Na palizi hiyo ikimpita, hana ufuta, na mtoto yuko njiani.

Maandalizi yote alikuwa ameshayamaliza. Unga wa mahindi ulikuwa tayari umekaangwa. Kimea cha mtama, alichokilowesha na kukiotesha ndani ya gunia bichi, kilikuwa mkekani kimekauka, kinasubiri kutwangwa. Tukaenda bombani, mimi nikibeba ndoo, yeye akibeba tumbo, tukamwachia Agapiti moto na karai.

Tulipokuwa tunarudi, harufu ilitupokea njiani, tamu kama ya maandazi. Oti zilikuwa kwenye ungo, rangi ya dhahabu, hata moja haijaungua. Nilitaka kumsifu. Lakini karai lilikuwa bado motoni, na ndani yake kitu kilikuwa kinapasuka pa, pa, pa.

"Hicho nini?" dada akauliza.

"Kimea."

"Kimea gani?"

"Si kile cha mkekani? Oti ziliisha mapema, na moto ulikuwa bado mzuri. Nikaona nisiuache upotee bure."

Dada akashika nguzo ya kibanda cha kupikia. Unga unakaangwa, sawa. Kimea hakikaangwi! Kimea ndicho kinacholegeza uji na kuutia utamu ambao baadaye unageuka pombe. Ukikiunguza, unabaki na ndoo ya uji uliopoa.

"Hongera, shemeji," nikasema. "Umekaanga injini, umeacha bodi."

Hakuna aliyecheka. Kuotesha kingine, Jumamosi ingepita. Mwenye kimea karibu alikuwa Bi Saada, mpika togwa, kile kinywaji kitamu cha kimea kisicholevya; mwanawe Twaha alikuwa mmoja wa walioalikwa kupalilia. Ni Mwislamu mshika dini, hata ua unaochujiwa pombe hakatizi.

"Mwambie ni cha togwa," Agapiti akanong'ona tulipofika kwake.

"Nidanganye na tumbo hili?" dada akamjibu, kisha akapaza sauti. "Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona msafara?"

"Naomba kimea, mama."

"Cha nini?"

Agapiti akakohoa. Mimi nikaangalia kuku.

"Cha pombe," dada akasema. "Ya palizi. Changu kimekaangwa."

"Kimekaangwa na nani?"

Sote tukamgeukia Agapiti. Bi Saada akacheka mpaka khanga ikamtoka begani. "Agapiti, baba! Ungekaanga na mbegu za ufuta, tusihangaike na palizi!"

Kisha akaangalia miguu ya dada iliyovimba. Dada naye alikuwa amekunja pindo la kitenge chake, anakunjua, anakunja tena.

"Cha pombe sikupi," Bi Saada akasema. "Ila Twaha na wenzake watakuja kukulimia, na wao pombe hawanywi. Wamepangiwa nini, maji? Nakupa cha togwa. Nitakuja mwenyewe tuipike. Kitakachobaki ni cha jirani yangu, na mimi si mtu wa kuchungulia majungu ya watu."

Akaja kweli. Uji wa ule unga uliokaangwa ulipoepuliwa, Agapiti akabeba kimea atie. Bi Saada akampiga kofi mkononi. "Wa moto huo! Unataka kukiua mara ya pili?" Akawa anachovya kidole, anasubiri, anachovya tena, mpaka aliporidhika. Kimea kikatiwa, tukakaa kuutazama mwiko uliosimama wima katikati ya sufuria.

Haukutikisika. Agapiti alianza kutoa jasho kama yeye ndiye anayepikwa.

Halafu mwiko ukainama kidogo. Ukainama tena, ukalala ukingoni. Dada akachota kwa kata. Uji ukamiminika mwepesi kama maziwa. Akaonja, akafumba macho.

"Tamu," akasema, akaketi chini palepale kwenye vumbi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Jamani, tamu!"

Bi Saada akatafuna oti chache kutoka kwenye ungo, akamwaga konzi moja kwenye togwa ya akina Twaha. "Hizi hazina kosa," akasema, akajifunga khanga na kuondoka bila kugeuka nyuma. Dada akavuta sufuria ya pili, ya pombe, na kimea kilichobaki.

Jumamosi majembe yalianza kulia kabla jua halijakolea. Dada alikuwa kwenye kibanda cha shambani, kanyoosha miguu, anaonja povu na kuwapigia kelele wanaoruka majani.

"Agapiti, rudia mstari huo!"

"Naam, mama!" shemeji akajibu, akaurudia.