Mfungaji Kutoka Nanganga

Mwaka wa sabini na tatu, siku ya Saba Saba, wanawake wa timu ya Kisomo walifungwa na Masasi magoli ishirini kwa tisa, wakarudi kwao Newala kimya kama watu waliotoka mazikoni. Timu yao ya mpira wa pete ilizaliwa katika darasa la jioni la kijiji cha ujamaa. Waliojifunza kuandika majina yao ndio hao hao waliojifunza kurusha mpira, na mwalimu wao wa yote mawili alikuwa Pancras, mtu wa Kilosa, mwembamba, asiyejua kupaza sauti.

Mfungaji wao, Perpetua, hakucheza siku ile. Alikuwa na binti wa wiki tano mgongoni, Valeria, akasimama nje ya mstari akihesabu kila mpira ambao yeye angeutia na mwenzake akaukosa. Kila uliokosa ulimuuma, na, Mungu amsamehe, ulimfurahisha pia. Alijua wakifika nyumbani watasema: tulimkosa Mama Valeria.

Walisema hivyo wiki moja. Wiki ya pili katibu wa timu, Gervas, akaleta neno jingine kikaoni.

"Tutafute mfungaji," alisema. "Mashindano ya Siku ya Uhuru ni Desemba. Masasi wenyewe wameshaongeza watu wawili, na walitushinda. Sisi tumekaa tunamngoja nani?"

"Mimi nipo," Perpetua akasema.

"Upo, mama, nani kasema hupo? Upo na mtoto mgongoni."

Watu wakacheka. Perpetua naye akacheka, maana usipocheka watajua pana kidonda.

Gervas akadandia lori hadi Nanganga, akarudi siku ya nne ametakata uso kama mshenga aliyekubaliwa posa. Yuko mwanamke anaitwa Scholastika, alisema, mrefu, mchezo mmoja ametia kumi na tano peke yake. Mumewe, Adolf, ni dereva. Anapeleka mizigo ya wapigania uhuru wa Msumbiji huko mtoni Ruvuma, nyumbani huonekana mara moja kwa miezi miwili. Mama huyo yuko tayari kuhama, aandikishwe mwanakijiji kabla orodha za mashindano hazijafungwa. Ana masharti mawili tu. La kwanza nyumba karibu na shule, na kamati ya kijiji imekubali.

"Na la pili?" akauliza Mwanaheri, kapteni.

Gervas alikohoa. "Maji."

"Maji gani?"

"Hatateremka bondeni. Kila siku mchezaji mmoja atampelekea debe moja. Kwa zamu."

Kwa mtu wa nchi yenye mito, debe moja si neno. Lakini pale juu mlimani bomba la kijiji lilikuwa likikohoa mara moja kwa juma, na kiangazi kikikaza halikohoi tena. Mwanamke alitoka alfajiri, akateremka genge mpaka magoti yatetemeke, akangoja zamu yake ya kukinga kwa kata, kisha akapanda na debe kichwani, majani yameelea juu ili maji yasimwagike. Alifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Debe moja lilikuwa nusu ya siku ya mtu.

"Kumbe tumeoa," akasema Pili, mlinzi wa goli, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko miguu. "Na mahari yenyewe ni maji."

Walicheka, lakini walikubali. Ishirini kwa tisa ilikuwa bado inawawasha. Perpetua akapangiwa Alhamisi.

Usiku huo na siku zilizofuata kitu kimoja hakikumtoka. Alipokuwa na tumbo la Valeria alichota maji mpaka lilipofika miezi minane. Kuna siku alikaa katikati ya genge, debe kando, pumzi zimekatika, wenzake wa timu hii hii wakampita mmoja mmoja wakimwambia, "Pole, mwenzetu, jikaze." Hakuna aliyetamka neno zamu. Leo mtu wa Nanganga, mwenye miguu mirefu na asiye hata na mtoto wa kumlemea mgongo, anateremshiwa na kupandishiwa.

Scholastika alifika mwezi wa tisa na sanduku moja na mkeka. Ilikuwa kweli: alijua. Alisimama chini ya pete, akakunja magoti kidogo, mkono ukapanda taratibu kama mtu anayeweka chungu rafuni, na mpira ukaingia bila kugusa chuma. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Pancras, mtu asiyesifu ovyo, alisema, "Mmeona? Hivyo."

Perpetua aliona. Wiki tatu baadaye aliona pia ubaoni, baada ya somo la hesabu, mwalimu alipoandika mpango wa timu. Majina saba upande wa kushoto, matatu upande wa kulia chini ya neno AKIBA. Mwaka mmoja nyuma asingejua yale maandishi ya chaki yanasema nini. Angemuuliza jirani, na jirani angemlainishia. Sasa alisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Scholastika, mfungaji. Perpetua, akiba, wa tatu. Hata katika akiba alikuwa wa mwisho.

"Kipya kinyemi," Pili akamnong'oneza, "ingawa kidonda."

"Niache, Pili."

"Nakuacha wapi? Mimi naona Alhamisi umejaza debe mpaka shingoni. Ningekuwa mimi, ningejikwaa."

Hakujikwaa. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kila Alhamisi alipeleka debe limejaa, kwa sababu hakutaka mtu yeyote, hasa yule, apate la kusema. Alilitua mlangoni, akaitika "ahsante" kwa "haya," akaondoka bila kukaa.

Mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa kumi. Korosho za kwanza zilikuwa zimeanguka, na jirani alikuwa anazichoma kwenye kipande cha bati, moshi wake mzito unatanda njiani. Perpetua alipofika na debe, alimkuta Scholastika nyuma ya nyumba, ameinama, ameshika ukuta, anatapika.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu. Ni huo moshi. Sijui wenzangu mnauvumilia vipi."

Perpetua alitua debe. Mtu wa Nanganga, aliyezaliwa chini ya mikorosho, anashindwa na moshi wa korosho? Akamtazama. Akaona unga mwekundu pembeni ya midomo. Na pale ukutani, mahali pa kiasi cha kiganja, udongo ulikuwa umebanduliwa kwa kucha. Yeye mwenyewe alikula hivyo udongo wa kichuguu, mwaka huu huu.

"Mwezi wa ngapi?" akauliza.

Scholastika alijifuta mdomo. Hakujifanya hakuelewa. "Wa tatu unaanza."

"Na kamati?"

"Kamati ilikuja kutafuta mikono. Sikuulizwa tumbo." Akakaa chini polepole. "Mama Valeria, mawili ya kwanza yalitoka. Yote nikiwa na ndoo kichwani. Kule kwetu si mbali kama kwenu, lakini yalitoka. Huyu katibu wenu aliponikuta, kitu cha kwanza nilichofikiri si mpira."

"Ulifikiri maji."

"Nilifikiri maji."

Perpetua akasimama pale. Desemba tumbo hili litakuwa limeingia mwezi wa tano. Hakutakuwa na mfungaji. Na yeye anaoza upande wa kulia wa ubao. Kulikuwa na kitu kilichomtekenya ndani: neno moja tu kwa Pili, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kinajua. Lakini pale kwao mimba ya mwenzako huitangazi. Mwenyewe ndiye anayefunga khanga kiunoni kwa namna ya kuonyesha, siku anayoitaka. Anayemtangulia, mimba ikiharibika, watu watamwangalia yeye, maisha yake yote.

"Kunywa maji," alisema, akaondoka. Njiani alilia kwa hasira. Alikuwa amekwenda pale na chuki yake nzuri, safi, haina doa, na yule mwanamke ameichafua.

Katikati ya Novemba wakaitwa darasani. Gervas alikuwa na karatasi ya orodha, na kesho yake alfajiri inapelekwa mjini, ikishapokelewa haibadiliki. Lori walilopewa la kwenda Masasi lilikuwa na nafasi ya watu kumi na moja, na mwalimu, katibu na majina kumi ni kumi na wawili.

"Mmoja atolewe," alisema Gervas. "Tusizungushe maneno. Mama Valeria ananyonyesha. Mtoto naye ni abiria. Tukimtoa yeye tumepunguza wawili."

 Mwanaheri aliangalia kucha zake. Perpetua akageuza uso kwa Scholastika, aliyekaa dawati la mbele, khanga mbili zimekaa ovyo makusudi. Macho yao yakakutana. Scholastika hakumwomba kitu. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja kata yake kisimani.

Perpetua alisimama. Aliyasikia maneno yakipanda kooni, yote, na utamu wake: mfungaji wenu ana mimba. Akaona nyumba ya karibu na shule inarudishwa kwa kamati. Akaona miguu ile mirefu kwenye genge, kiangazi kimefika ukingoni, debe kichwani.

"Jina langu lisifutwe," alisema. "Nafasi ya lori chukueni. Nitakwenda kwa miguu."

"Masasi?" Gervas alicheka. "Na mtoto?"

"Nitatangulia siku tatu. Mtanikuta uwanjani."

"Kuwa akiba wa tatu?" Pili aliuliza, na safari hii hakuwa anatania. "Mama Valeria, wewe una akili sawasawa?"

"Sheria inasema jina liandikwe. Haisemi mwenye jina apande nini."

 Pancras alichukua karatasi mkononi mwa katibu, akaandika jina la Perpetua, la kumi, kwa wino.

Wiki mbili zile kijiji kilimcheka. Wivu umempanda kichwani, walisema. Atakwenda Masasi kwa miguu akatazame mgongo wa mwenzake. Yeye kila jioni, wengine wakishaondoka, alibaki chini ya pete na kurusha. Valeria alilala kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Alirusha kwa ghadhabu, na mipira ya ghadhabu iligonga chuma ikaruka mbali.

Jumapili ya mwanzo wa Desemba, Scholastika alikuja mazoezini na khanga moja, imefungwa juu ya tumbo, fundo mbele.  Mwanaheri ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, akakikatisha katikati alipokumbuka tarehe. Gervas aliketi juu ya mpira, akashika kichwa.

"Wiki moja," alisema. "Wiki moja, na orodha imefungwa. Tumebaki na nani?"

Hapo wote wakageuka kumtazama Perpetua.

Pancras alimwita pembeni. "Mama Valeria. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu korosho za kwanza."

"Na ulitaka kutembea mpaka Masasi, badala ya kusema?"

"Halikuwa tumbo langu."

 Mwalimu akampa mpira, na wenzake wakampisha njia ya kwenda chini ya pete. Alirusha kumi, akatia sita. Wakapiga makofi, makofi ya watu wanaojipa moyo. Upande wa pili wa uwanja wanawake walishaanza kumzunguka Scholastika, wanamwekea kiti, wanabishana ni nani atabeba debe lake la pili, maana sasa debe moja halimtoshi. Perpetua aliyasikia yote. Ameipata nafasi yake, na bado moyo ulimchoma pale pale.

Alipokuwa anamfunga Valeria mgongoni, kivuli kirefu kikaja juu yake.

"Unakunja goti moja," Scholastika alisema. "La kushoto limelala. Ndiyo maana minne imekosa."

"Sikukuuliza."

"Najua. Njoo kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali. Nikuonyeshe."

Perpetua alikaza fundo la mbeleko mpaka mtoto akaguna. Alitaka kumwambia kwamba yeye alikuwa anatia mipira kabla Nanganga haijasikia habari za pete. Alitaka kumwambia mengi. Badala yake aligeuka, akaondoka.

Alfajiri alikwenda. Hakumwamkia, wala hakumtazama usoni. Alisimama chini ya pete na kukunja magoti yote mawili, akangoja kuambiwa.