Swali la Kumi na Nne

Kwa miaka tisa nililijibu mimi mwenyewe. Fomu ya zahanati yetu ya methadoni, dawa ya wanaojinasua na heroini, hapa kisiwani Mahé, katika swali la kumi na nne inauliza kama mteja amewahi kuumizwa au kudhalilishwa huko nyuma. Mimi nilitia alama kwenye "hapana" kabla mtu hajakaa vizuri, nikaendelea na uzito na presha.

Mwezi wa tano tuliletewa msimamizi mpya, Odile Larue. Alipekua majalada yangu asubuhi nzima, kisha akaniita.

"Wilna, wateja themanini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuumizwa?"

"Nina dakika nane kwa kila mtu. Akisema ndiyo, nimfanyeje? Mimi si padri."

"Humfanyi kitu. Omba ruhusa kwanza, mwambie anaweza kukataa. Akisema ndiyo, usimdai kisa. Muulize tu kama hapa kwetu kuna kinachomrudisha kule alikoumizwa."

"Kusema rahisi, dada."

"Basi tufanye mazoezi. Mimi ndiye mteja."

Tulirudia mara nne. Mara tatu alinikatiza, akitaka niweke kalamu chini. Nilikuwa nimechoka, hata kucheka siwezi.

Kesho yake aliyetangulia alikuwa Jourdan Esparon, mshusha samaki kwenye meli za jodari, mtu wa miaka hamsini na kitu. Kipimo cha mkojo, cha kuona kama mtu bado anatumia heroini, kwetu hufanywa mbele ya mlinzi, na Jourdan alikikataa kila mwezi. Anayekataa hapewi dozi ya kwenda nayo nyumbani. Kwa hiyo Jourdan alikuja kila siku ya Mungu, Krismasi, hata siku aliyomzika mama yake. Kwenye jalada lake nilikuwa nimeandika: mkaidi.

"Jourdan, naomba nikuulize jambo la zamani. Ukitaka, usijibu. Dawa yako utapata vilevile."

"Leo una adabu, Nesi. Uliza."

Nikauliza. Alitazama mlango. Nje mlinzi alikuwa anapiga soga na mtu.

"Ndiyo," akasema.

Ulimi uliniwasha nimuulize nani, lini. Nikalimeza swali.

"Hapa kwetu kuna kinachokurudisha kule?"

"Kusimama suruali imeshuka, mwanamume yuko nyuma yangu." Alisema taratibu, bila hasira. "Miaka yote mnaniita mkaidi. Hamkuuliza."

"Hatukuuliza. Nisamehe."

"Nipe dawa, Nesi. Nachelewa bandarini."

Siku ileile Odile aliidhinisha apimwe mate badala ya mkojo. Akakutwa safi, na Ijumaa akaondoka na dozi za siku mbili mfukoni. Hakunishukuru, wala sikutarajia.

Wiki ile niliwauliza wengine kumi na mmoja. Saba walisema hapana, na nadhani watatu kati yao walinidanganya. Mama mmoja aliniambia nishughulike na ya nyumbani kwangu. Binti mmoja alilia dakika ishirini, foleni ikanitukana mpaka getini. Jumamosi nilijilaza mchana kutwa. Mume wangu Flavien alinipikia supu ya samaki, ikapoa. Nilikuwa nawawaza wateja wetu waliokwisha kufa, ambao niliwajibia "hapana".

Jumatatu mwenzangu Maryvonne alikuja na fomu mkononi. Odile alikuwa amemtuma kwangu afanye mazoezi.

"Mimi naogopa, Wilna," akasema. "Akianza kulia je?"

Nikamwambia avute kiti, anisubiri nimalize chai.