Mpaka wa Vitunguu Mwitu

Kwetu jiwe la mpaka haliaminiwi, maana jiwe hubebeka. Tunapanda kitunguu mwitu. Kinajichimbia chini sana, mbuzi hawakitaki, na kila mwaka kiangazi kikiisha, kabla mvua haijagusa ardhi, kinatoa bua moja refu la maua meupe bila jani hata moja. Majani huja baadaye.

Kwa hiyo shemeji yangu Muflih alipolima hadi chini ya mizeituni yangu saba, akisema marehemu mume wangu aliuvuka mpaka, Abu Hamdan, mukhtari, yaani mkuu wa kijiji, hakupandisha sauti. "Subirini maua," alisema. Mizeituni ile ndiyo mafuta yangu ya mwaka mzima. Mtoto wangu ni mmoja, Fidda, naye ameolewa mbali.

Nilisubiri kwa amani, kwa sababu mstari wa upande wa chini niliupanda mwenyewe. Mwaka nilioolewa, mvua ilibomoa ukuta wa shamba, ikavizoa vitunguu vyote vya huko. Mume wangu Dhiyab alikuwa jeshini. Mama mkwe, Mungu amrehemu, miguu ikimsumbua, alisimama mlangoni akanielekeza kwa mkono: chimba kule mlimani, pandikiza pale. Nilikuwa binti wa mjini, lakini kazi niliifanya. Tangu hapo hapakuwa na ugomvi, wala mtu wa kwenda kuhesabu maua ya huko.

Maua yakatoka. Mabua manane, yamenyooka kama uzi, toka barabarani hadi kwenye mwamba. Toka mwambani kushuka bondeni, nilikopanda mimi, hakuna kitu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilipita pale nimeinama. Siku kumi na mbili, udongo mtupu.

"Basi mpaka unakata kona hapa," alisema Muflih, akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya mizeituni yangu.

"Chimbeni," nilisema. "Vipo. Vimechelewa tu."

Abu Hamdan alichimba mwenyewe. Hakikutoka kitunguu. Kilitoka kishada cha mizizi minene, kama vidole vilivyovimba. Wadha, mke wa Muflih, akapiga makofi.

"Ghaisalani! Mama Fidda, ulipanda ghaisalani! Si hii inayochanua baridi ikiisha, imejaa mlima mzima?"

"Majani yanafanana," nilisema.

"Yanafanana kwa watu wa mjini! Haya, siku ile mikono ilikuwasha?"

Haikuniwasha. Utomvu wa kitunguu mwitu hukufanya ujikune kutwa, na mimi nakumbuka nilimshukuru Mungu kwa kuniepusha.

Abu Hamdan akafuta jembe. "Dada yangu, aliyekosea mmea huenda hakukosea mahali. Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ulipanda pale pale vilipokuwa vya zamani, na miti ni yako."

"Aape," Muflih alisema upesi. "Akiapa, nakubali mbele yenu." Miaka thelathini tumekula sinia moja. Ananijua.

Nilifungua mdomo. Siku ile tope lilikuwa limefunika kila kitu, nami nilikuwa nafuata kidole cha mtu aliye mbali. Nilipanda alipoelekeza, au nilipodhani ameelekeza.

"Siwezi."

"Sema tu, mama," Abu Hamdan alininong'oneza. "Nani atakuuliza?"

"Nitaulizwa."

Mpaka mpya lazima upandwe na pande zote mbili, ili kesho asiwepo wa kuukana. Muflih alileta gunia la vitunguu mwitu. Tulipanda yeye kimoja, mimi kimoja, toka mwambani hadi ng'ambo ya mizeituni. Kila kimoja alinionyesha kabla sijakifukia, kwa upole, kama anayefundisha mtoto. "Tazama, shemeji. Hiki ndicho chenyewe." Vitakuwepo hapo hata wajukuu wa Fidda wakizeeka.

Wiki ya mavuno Wadha alitandika mashuka chini ya miti saba, akaniita akiwa huko huko. "Mama Fidda! Njoo utusaidie kuokota, chupa ya mafuta hukosi!"

Nilichukua ndoo, nikaenda.