Mke wa 817

Karani wa kumbukumbu aliisoma barua yetu mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi, kisha akanitazama mimi badala ya mume wangu.

"Mama, mnataka tufute kozi?"

"Ndiyo, mwanangu. Hakuisoma."

"Watu huja hapa kuongeza kozi. Fomu ya kuongeza ninayo, hii ya bluu. Ya kufuta..." Akafungua droo, akachungulia, akaifunga. "Ya kufuta haijawahi kuwepo."

Mume wangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkono kifuani, akivuta pumzi kwa awamu kama mtu anayepanda ngazi. Hakuwa amepanda chochote. Kutoka getini mpaka mezani pale tulisimama mara nne, na mara zote alisingizia kamba ya kiatu.

Niseme mapema, maana sipendi mtu aje kunilaumu mwishoni kwamba nilificha. Kosa hili nililishona mimi, kwa mikono yangu hii. Miaka thelathini na miwili iliyopita nilikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare kambini. Kazi yangu ilikuwa kushona namba za askari kwenye mashati, juu ya mfuko wa kushoto. Mume wangu, wakati huo hajawa mume wa mtu, alikuwa namba 342. Alichaguliwa kwenda kozi ya redio, miezi minane, mwendo wa siku mbili kwa lori. Rafiki yake, 817, ambaye kambi nzima ilimwita Mluzi kwa sababu hakuweza hata kufunga viatu bila kupiga mluzi, alipangiwa ghalani: kufungua makombora mabovu ya zamani, kumwaga unga wake wa manjano na kuufukia.

Mluzi alikuwa anaota redio. Wangu alikuwa haoti kitu ila mimi, na hakutaka kuniacha miezi minane kwenye karakana iliyojaa masajini wenye maneno matamu. Basi jioni moja wakanijia wote wawili, mashati mkononi, wanacheka. Nikafumua namba, nikashona ya huyu kwa yule. Dakika ishirini. Nilicheka kuliko wao.

Siku hizo askari alikuwa ndiyo namba yake. Sajini anaita, shati linajibu "Nipo, afande," yameisha. Miezi minane ikapita, Mluzi akarudi na alama za juu kabisa, nikafumua tena nikarudisha. Hakuna aliyejua. Nilijiona mjanja.

Mashati nilirudisha, lakini karatasi sikuzigusa. Kwenye jalada la 342 imeandikwa kozi ya redio, daraja la kwanza. Kwenye jalada la 817 imeandikwa ghala, miezi minane. Kwa hiyo kila mwaka hospitali ya jeshi humwita Mluzi kumpima mapafu, naye hurudi buheri wa afya, anapiga mluzi. Mume wangu anakohoa mpaka majirani wanatupa pole kupitia ukuta. Wodi ya kifua ni ya watu wa ghala tu, na yeye kwa maandishi hajawahi kulikanyaga ghala. Hospitali ya raia walitutazama kwa huruma wakatuambia kifua cha namna ile kinatibiwa huko huko kwetu jeshini, wao hata mashine yake hawana.

Karani akaenda kumwita mkuu wake, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Mkuu akasikiliza, akasema hilo ni jambo dogo, tumjaribu tu. Ikaletwa redio ya zamani na vifaa vya masikioni. Akagonga-gonga kwa kidole, tii-ti-tii, muda mrefu. Mume wangu akasikiliza kwa heshima zote.

"Umesikia nini?"

"Ndege, afande."

Karani akainama chini ya meza kuficha kicheko. Mkuu akaandika neno moja kwenye jalada. Nikanyoosha shingo kama twiga nikalisoma: *Amesahau.*

"Hajasahau! Hakuwahi kujua!"

"Mama, mtu anayejua naweza kumpima. Asiyejua nitampimaje? Kushindwa, kila mtu anaweza akitaka."

Mkuu akatuonea huruma. Akasema, mleteni huyo 817 mwenyewe, aape mbele yangu Jumatatu na kuweka sahihi, kamati inakaa wiki inayofuata. Tukarudi nyumbani tukisimama mara sita.

Mluzi hakusita. Ana duka la kutengeneza redio, na alimwoa mdogo wangu, kwa hiyo ni rafiki wa mume wangu na shemeji yangu, kote kote tumeshikana. "Jumatatu asubuhi na mapema," akasema. "Nitaimba kila kitu, wakinifunga na wanifunge."

Lakini Jumamosi mume wangu alianguka jikoni. Nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye kabati, midomo rangi ya majivu, ananionyesha kwa kidole sufuria inayoungua. Mluzi akaja mbio na gari la jirani, na mkononi ana kadi yake ya hospitali ya jeshi.

"Shemeji, itumieni namba yangu mpaka karatasi zinyooke."

"Sitaki," nikasema. "Juzi tu tumetoka kuomba tufumue. Leo tushone tena palepale?"

"Unataka jina safi au unataka mume?"

Nikaitazama ile midomo. Nikaichukua kadi. Picha yake ni ya ujanani, kofia imefunika nusu ya uso. Angeweza kuwa yeyote.

Mapokezi muuguzi akaita, "817!" Na mume wangu, ambaye njia nzima hakuweza kumaliza sentensi, akajikusanya akajibu vizuri kabisa: "Nipo, afande." Muuguzi akacheka, akampenda palepale. Mimi sikucheka.

"Na wewe mama ni nani wake?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaona kidole chake kinashuka kwenye jalada mpaka palipoandikwa *mke*, na jina lililoandikwa pale ni la mdogo wangu.

"Shemeji yake," nikasema.

"Basi utasubiri nje. Wodi hii anaingia mke tu."

Nimekaa kwenye benchi la nje siku kumi na mbili. Mdogo wangu anaingia na chakula changu, anatoka na vyombo vyangu. Mimi namfundisha mlangoni kuhusu mume wangu mwenyewe. Mgeuze ubavu wa kushoto. Mshike bega, usimshike mkono. Akisema hana njaa, mwache, baada ya dakika tano ataomba. Siku ya nne alitoka akaniambia, "Dada, kumbe miguu yake inapenda kufunikwa, kichwa hapana." Miaka thelathini mimi nalijua hilo. Niliona wivu, nikaona aibu kwa kuona wivu, na vyote viwili nikavikalia pale benchini.

Jumatatu ile Mluzi alikwenda ofisini kama alivyoahidi. Aliapa, akasema ukweli wote, neno kwa neno, akaweka sahihi. Alirudi mwepesi, kama aliyetua gunia. Akakaa pembeni yangu, akajaribu utani: "Shemeji, akiondoka huyu, mimi ndiye nitakayezikwa." Kisha akasikia alichokisema, akainama kufunga viatu vyake, safari hii bila mluzi.

Barua ya kamati aliileta leo karani mwenyewe, yule kijana wa droo. Angeweza kuituma. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema "Pole, mama," akaondoka bila kusubiri nifungue.

Maombi yamekataliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kiapo kimewekwa sahihi na 817 siku ya Jumatatu, wakati kitabu cha hospitali kinaonyesha kwamba 817 amelazwa tangu Jumamosi na hawezi kusimama. Kwa hiyo aliyeapa ni mtu asiyejulikana, na suala lake limepelekwa kwa wapelelezi. Ya pili, madaktari wamempima 817 wakakuta kwenye mapafu yake unga wa ghalani, mwingi, wa miaka mingi. Hili linathibitisha pasipo shaka kwamba 817 ndiye aliyetumika ghalani. Kumbukumbu ziko sahihi. Jalada limefungwa.

Nimeisoma mara tatu. Kila neno lililomo ni kweli, ila sisi hatumo. Kitambaa ningejua pa kuanzia. Ningetafuta uzi mmoja, ningeuvuta. Hapa nimetafuta uzi nikaukosa, na nimeogopa kama sijawahi kuogopa, maana nimeelewa kwamba mume wangu atakufa mle ndani akiwa mtu mwingine, na mimi nje hapa nikiwa shemeji.

Mdogo wangu ametoka saa tisa. Hakuwa na vyombo mkononi.

"Dada, daktari amesema tusihesabu siku, tuhesabu masaa." Akakaa. "Kila nikiingia anatazama nyuma yangu. Leo ameniuliza, 'Yuko wapi?' Nikamwambia yuko nje. Akasema, 'Mwambie mlango uko wazi.' Anadhani umekataa kuingia."

Nikalia. Sikujali nani ananitazama. Naye hakunibembeleza. Alivua mtandio wake akanifunga mimi, akanishushia ukingo mpaka kwenye nyusi, kisha akafungua pochi akatoa kitambulisho chake. Watu husema tumefanana pua.

"Walinzi wamebadilishana zamu saa nane," akasema. "Huyu hanijui."

Nilikuwa nimeapa kwamba mkono wangu hautashona tena uongo. Nikaitia barua ya kamati kwenye mkoba, nikafuta uso, nikapiga moyo konde.

Mlinzi mwenye sare akafungua daftari, akapanguza kalamu kwenye mkono wa shati, akaita:

"Mke wa 817!"

Nikasimama.

"Nipo, afande," nikasema, naye akanifungulia mlango.