Nusu Mlingoti

Chama chetu ni kipi sitakwambia, maana ukishajua utaacha kusikiliza uanze kuchagua upande. Jua tu kwamba mimi na mume wangu Merle tulikuwa chama kimoja, na mdogo wake Delbert, anayekaa ng'ambo ya barabara, yuko chama kingine. Hapa kwetu Minnesota siku hizi hilo linatosha kuua undugu.

Undugu wao ulifia mezani kwangu, Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba ambayo ukoo mzima hula pamoja, miaka minne iliyopita. Televisheni iliachwa ikiwaka, taarifa ya habari ikaingia, na Delbert akamwita kaka yake msaliti wa nchi huku mdomo wake umejaa viazi vyangu. Merle alinyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia atoke na asikanyage tena hapa, naye hakukanyaga.

Mwaka huu saratani ya kongosho ikamkamata Merle. Wiki sita tu. Hakutaka watu wajue. Alisema wa chama chao watafurahi na wa chama chetu watamhutubia kitandani. Jumanne alasiri, sauti imebaki uzi, akaniambia, "LaVonne, niitie Del."

Nilipiga simu mara tatu. Haikuita hata kidogo, alikuwa amezifungia namba zetu. Nikavaa buti nikatoka. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua themanini, na mimi niliishia kwenye sanduku letu la barua, huku upande wetu wa barabara. Uani kwake alikuwa amesimika bango jipya, linasema watu wa chama chetu tuhame nchi. Nikalisoma mara mbili, nikageuka. Hasira hasara, wanasema; mimi siku ile niliiita heshima.

"Anakuja?" Merle akaniuliza.

"Yuko njiani."

Akauliza tena jioni, akauliza tena alfajiri. Kulipopambazuka alikuwa ameshakufa.

Sasa, ukoo wa Tollefson, ukoo wa mume wangu, una desturi yake. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe hakumpigia mtu simu. Aliishusha bendera ya uani hadi nusu mlingoti, na Delbert akaiona kutoka shambani akaja mbio, trekta kaiacha inanguruma peke yake. Basi nami nikatoka kwenye barafu, nikafungua kamba, nikaishusha. Nilijua Delbert akitoka kuchukua barua ataiona. Angekuwa amechelewa, lakini angekuja.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba asubuhi ile ile mahakama ilikuwa imemfutia mashtaka seneta wao, yule ambaye kesi yake iliwagombanisha watu mwaka mzima. Nusu ya nchi ilikuwa inalia na nusu inacheka. Na mimi, mjinga, nimeshusha bendera.

Wa kwanza kupita alikuwa jamaa wa chama chao. Alipiga honi ndefu, akateremsha kioo cha gari.

"Lia tu mama," akasema. "Na bado."

Kisha akaja Gwen Aasland, katibu wa tawi letu, macho mekundu. Nilidhani amesikia. Akanikumbatia palepale uani.

"Pole, dada. Huu ni msiba wa taifa."

"Gwen, ni Merle."

"Najua, lazima ameumia sana. Mwambie asikate tamaa, uchaguzi ni Novemba."

Akaondoka mbio, ana mkutano. Kabla ya saa sita nyumba nne za barabara yetu zilikuwa zimeshusha bendera kuniunga mkono. Hapa mtu akifa, mabakuli ya nyama na viazi vya kuoka hufika kabla maiti haijapoa. Siku ile hakuna aliyeniletea hata kipande cha mkate.

Delbert alitoka saa nne. Nilikuwa dirishani. Aliitazama ile bendera muda mrefu, nikasema huyo anakuja. Akatoa simu akaipiga picha. Kisha akaenda kwenye mlingoti wake mwenyewe, akakaza kamba mpaka bendera yake ikagonga juu kabisa, akaingia ndani.

Picha nikaiona mtandaoni, kwenye ukurasa wa kijiji. Ameandika: "Kwa kaka yangu leo kuna matanga. Nani atampelekea leso?" Watu mia mbili na kumi na wanne walicheka. Wengine ni watu niliowapikia walipofiwa.

Saa nane gari la kubebea maiti likaingia kwangu, limetambaa kwenye barafu kutoka mjini. Delbert alikuwa kwenye sanduku lake la barua. Alivuka barabara bila koti.

"Shemeji," akasema. "Nani?"

"Tunakaa wangapi humu, Del?"

Akashika nguzo ya baraza.

"Nilidhani bendera ni ya ile kesi."

"Najua ulichodhani. Nimesoma."

"Nitaifuta, shemeji. Naifuta sasa hivi."

"Ya nini? Iache. Watu wameifurahia."

Wale watu wa mazishi wakampitisha Merle katikati yetu, amefunikwa. Delbert akanyoosha mkono, akashika mguu wa kaka yake juu ya blanketi, akatembea naye hivyo hadi garini. Pale ndipo alipolia, mzee wa miaka sitini na saba, kamasi zinaganda kwenye masharubu. Nilimhurumia, sitaficha. Kama angeondoka bila kusema kitu, labda ningemfuata nimshike bega.

Lakini akarudi barazani akaniuliza. "Alinitaja? Hata mara moja tu, shemeji, alinitaja?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Alikutaja jana alasiri, alikutaja jioni, alikutaja alfajiri, jina lako ndilo la mwisho alilotamka. Nikawakumbuka wale mia mbili na kumi na wanne. Halafu nikaona mbali zaidi: nikisema ndiyo, swali lake la pili litakuwa kwa nini sikwenda kumwita, na mimi jibu la hilo sina.

"Hapana," nikamwambia. "Hakukutaja."

Delbert akainamisha kichwa. "Sawa," akasema. "Nilistahili."

Nikamwacha avuke barabara na neno hilo.