Imondo ya Wekulo

Mnamjua Wanzala, yule fundi wa viti hapa Gatwekera? Huyo mtu hajawahi kukosea tangu azaliwe. Kiti chake kikivunjika, ni matako ya mteja. Nyumba ikivuja, ati mabati inapumua.

Sasa juzi msichana wake, Nelima, alituita chakula kwake Kawangware, mimi na baba yake. Wanzala alimwacha huyo mtoto akinyonya, mama yake akaolewa na Wekulo, na Wekulo ndiye alimlea. Wanzala husema alitoka ndio mtoto akue bila kelele. Baba mwenye huruma sana, huyo.

Tukakaa, Wekulo pia akiwa hapo. Ugali ikaja, kuku ikaja. Na mnajua sisi Waluhya, imondo, ile firigisi, ni ya baba. Haiulizwi, inawekwa tu mbele yake. Wanzala alikuwa ameshapangusa mdomo. Nelima akampita hivi, akaiweka kwa Wekulo. Wanzala akapewa paja.

"Karibu, mzee," akamwambia.

Mzee! Na mimi, jirani tu, alikuwa ameniita baba.

Tulirudi kwa miguu, na masikio yangu haikupumzika.

"Uliona ile paja? Hiyo ndio nyama. Imondo unatafuna kama tairi."

"Eeh."

"Halafu daktari alinikataza. Meno."

"Daktari gani?"

"Kuna mmoja."

"Huyo wa hospitali kwenye hujawahi kwenda?"

"Na ile kuku ilikuwa broila! Broila haina imondo ya ukweli."

"Kwa hivyo Wekulo amedanganywa."

"Kabisa! Mimi namhurumia."

Hata mimi nikamhurumia. Maskini, alee mtoto mpaka aolewe, halafu apewe imondo ya uongo.

Tukafika kwake. Akaketi kwa kiti alichotengeneza mwenyewe, kikalia kwii.

"Aliniita mzee," akasema.

Nikangoja aniambie kwa nini hiyo nayo ni heshima kubwa. Akainama kuangalia mguu wa kiti.

Jumapili iliyofuata akanunua jogoo wa kienyeji, akanipitia, tukaenda bila kuitwa. Wekulo tulimkuta huko. Nelima akapika. Wakati wa kupakua, msichana akasimama na ile imondo kati ya hao wazee wawili, hajui aelekee wapi. Mwishowe akaiweka mbele ya Wanzala.

Wanzala akaiangalia wee, kama mtu anasoma barua. Kisha akaisukuma polepole mpaka kwa Wekulo.

"Kula, ndugu yangu. Mimi daktari alinikataza. Meno."

Nelima akamtazama.

"Pole, baba," akasema.

Wanzala akainamisha kichwa, akachukua mfupa wa mguu, na kwa hayo meno yake magonjwa akaupasua, kah! Nafikiri hata jirani walisikia.