Nyumba Aliyoijenga Baba

Huko ughaibuni tunakoishi, baba ana wimbo mmoja: nyumba aliyomjengea mama yake. Vyumba vinne, sakafu ya vigae, bati la kijani. Tulipolalamika viatu vimeisha soli, tuliambiwa tuvumilie, nyumba ya Bibi bado inadai. Nimekua nikiionea fahari nyumba nisiyoijua, na safari hii nilikuja kuiona.

Basi ukoo ulipojaa sebuleni kunipokea, mimi na kimbelembele changu nikasimama. Hakuna aliyeniomba. Nikashukuru kwa mapokezi, kisha nikaanza kumvika baba kilemba. Nikasema wengi wakishaondoka husahau kwao, lakini yeye alijinyima hadi akamjengea mama yake nyumba kama hii. Nikaupiga na ukuta kwa kiganja, kama dalali.

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Bibi akanitazama weee, halafu akasema, "Mjukuu wangu, baba yako hajaleta hata msumari. Nyumba hii kaijenga huyu."

Alimwonyesha kwa kidole baba mdogo, mwashi, aliyekuwa amekaa sakafuni mlangoni kwa kuwa viti tulivijaza sisi wageni. Siku za kazi alijenga nyumba za watu, ya mama yake akaijenga Jumapili, miaka na miaka. Na ni yeye aliyejaribu kunisitiri: akadai kaka yake alichangia mawazo. Watu wakaangua kicheko. Uso ukanishuka. Nilimwonea baba aibu, na nikajionea aibu zaidi kwa kidomodomo changu.

Hapo hapo simu yangu ikaita. Alikuwa baba, kwa video. Nilipokea nikiwa natoka nje, lakini sauti yake ilinitangulia kufika kwa kila mtu.

"Umeiona nyumba yangu?"

Baba mdogo akanikonyeza, akiniomba nimwachie kaka yake heshima yake. Na baba alikuwa anatabasamu kwenye kioo, anasubiri kusifiwa. Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikaumeza.

"Nimeiona, Baba. Umejenga."

Akacheka kwa furaha, akaniaga. Nilipoinua macho, Bibi alikuwa ameshasimama, anaelekea chumbani kwake. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nilidhani ukoo wangu una mwongo mmoja tu," akasema.